Majina ya Maradhi na Amri za Afya katika Bukoba na Muleba

Bukoba na Muleba ni nchi ya migomba, mvua nyingi na vilima vinavyoteremka hata ufuko wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Katika muda wa miaka mia na ishirini na zaidi, nchi hiyo imepatwa na tauni, malale, Ukimwi, malaria ya mlipuko na homa ya Marburg. Na mgomba wenyewe, ambao ndio chakula, nao umekuwa na maradhi yake. Serikali tatu zimetawala huko, ya Kijerumani, ya Kiingereza na ya wananchi, na kila moja ilitoa amri zake juu ya afya na chakula. Amri hizo zimekwisha kuandikwa na wanahistoria wa tiba na wa siasa. Lisiloangaliwa sana ni maneno yake: ugonjwa uliitwaje nyumbani, uliitwaje ofisini, na kulikuwa na umbali gani kati ya majina hayo mawili. Umbali huo si jambo la wataalamu wa lugha peke yao. Mara nyingine ulipimwa kwa siku, na katika siku hizo watu walikufa.

Mfano wa kwanza ni wa Kiziba, kaskazini ya mji wa Bukoba penye mpaka wa Uganda, sehemu ambayo leo imo katika Wilaya ya Missenyi lakini zamani zile ilitawaliwa kutoka boma la Bukoba. Boma hilo lilijengwa na Emin Pasha mwaka wa 1890. Baada ya miaka michache Wajerumani walisikia khabari za ugonjwa uliokuwa ukiua watu wa Kiziba kwa homa na uvimbe wa mitoki. Daktari wao wa jeshi, Zupitza, alikwenda kuutazama, na mwaka wa 1898 Robert Koch, aliyekuwa ametoka Bombay na kukaa Dar es Salaam, alithibitisha kwamba ulikuwa tauni ileile aliyoiona Bara Hindi. Ulaya ilipokea khabari hiyo kama ugunduzi mkubwa.

Lakini kwa watu wa Kiziba haikugunduliwa kitu. Wao walikuwa na jina, rubunga, kama Waganda walivyokuwa na lao, kaumpuli, ambalo ni jina la ugonjwa na pia la mzimu wake. Pamoja na jina walikuwa na kanuni. Koch aliandika kwamba wenyeji walijua kuwa panya hufa kwanza, kisha watu hufuata. Na kwamba nyumba ikionekana panya wafu, wenyewe huihama. Yafaa kukumbuka kwamba katika mwaka uo huo wa 1898 Mfaransa Paul-Louis Simond alikuwa Karachi akijaribu kuonyesha kwamba kiroboto wa panya ndiye achukuaye tauni, na kwamba wataalamu wengi wa Ulaya hawakumsadiki hata miaka kadha ilipopita. Neno rubunga lilikuwa limekwisha kutangulia. Aliyesema "rubunga" nyumbani kwake hakutaja ugonjwa tu. Alikuwa akisema: panya wamekufa, tutoke.

Na kutoka si jambo dogo. Kibanja cha Mhaya ni migomba inayoizunguka nyumba, mibuni na maharage chini yake, na makaburi ya wazee ndani yake. Mgomba haupandwi leo ukaliwa kesho. Shamba jema ni kazi ya baba na babu, samadi ya ng'ombe na majani yaliyobebwa kutoka rweya, yaani mbuga za nyasi, mwaka hata mwaka. Anayekihama kibanja anakiacha chakula chake, na kwa maana fulani anawaacha wazee wake. Kwamba kanuni ya rubunga ilifuatwa pamoja na gharama hiyo, ni ushahidi wa nguvu ya neno linaloaminiwa. Hakuna amri ya boma iliyopata utii wa namna hiyo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila jina la kienyeji lilikuwa mwongozo mwema. Malale ni neno zuri la Kiswahili, limetokana na kulala, na kila alisikiaye huona mgonjwa aliyesinzia akiwa na chakula kinywani. Walakini usingizi ni mwisho wa ugonjwa huo, si mwanzo wake. Koch aliporudi Ziwani mwaka wa 1906 na kufanya kazi katika visiwa vya Sese, na Wajerumani walipofanya kambi ya wagonjwa huko Kigarama katika Kiziba, madaktari walikuwa wakipapasa shingo za watu wazima na wenye nguvu, wakitafuta mitoki iliyovimba. Mtu huyo hakulala. Alikuwa akifanya kazi. Wengi wa wagonjwa wa upande wa Bukoba walikuwa wameupata ugonjwa Uganda walikokwenda kutafuta mshahara. Kumwambia mtu kama huyo kwamba ana malale kulikuwa ni kusema jambo ambalo lugha yenyewe ililikanusha. Hapo jina lilikawiza tiba, kwa kuwa lilimtambua mgonjwa wakati dawa haifai tena. Na dawa nayo haikujipendekeza: atoksili, iliyotumiwa kwa wingi na Koch, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa wa Sese, na khabari za namna hiyo hazihitaji meli ya serikali kuvuka ziwa.

Upande wa chakula, msiba mkubwa wa mwisho wa karne ya kumi na tisa ulikuwa sotoka ya ng'ombe. Ilipowaua ng'ombe ilichukua maziwa ya watoto na samadi ya migomba kwa pamoja, na athari yake katika udongo haikuonekana kwa mwaka mmoja. Serikali ya Kiingereza ilipokuja baada ya Vita vya Kwanza ilikuta kahawa imekuwa fedha ya nchi, na ikaanza kutoa kanuni za kuitunza. Mwaka wa 1937 kanuni za kilimo cha kahawa zilileta ghasia katika Bukoba, na katika miaka ya 1950 amri za kupigana na fukusi wa migomba zilileta ugomvi mwingine, uliosaidia kuikuza siasa ya chama cha TANU upande ule, khasa Kamachumu. Watawala walistaajabu. Fukusi alikuwa adui wa kweli, na shauri la mabwana shamba halikuwa baya lote. Lakini katika kibanja buni na mgomba ni jirani. Askari aingiaye kukagua buni amekwisha kuingia katika chungu cha watu na makaburini mwao. Kila tamko lilikuwa la kuamuru: safisha, kata, ng'oa, fukia. Mkulima aliyasikia kama maneno ya mtu anayejiandaa kuitwaa ardhi.

Kwa sababu hiyo inapendeza kuitazama sarufi ya kampeni mbili za Tanzania huru. Mwaka wa 1973 ilifanywa kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, na mwaka wa 1975 nyingine iliyoitwa Chakula ni Uhai. Katika mwaka huo wa 1973 pia ndipo sheria ilipounda Taasisi ya Chakula na Lishe. Watu kama milioni mbili waliingia katika vikundi vya Mtu ni Afya, nchi nzima, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Majina yote mawili hayana kitenzi cha kuamuru. Ni sentensi za "ni" tupu: jina, kiungo, jina. Haziagizi kitu, zadai kwamba vitu viwili ni kimoja, na kumwachia msikilizaji atoe matokeo yake mwenyewe. Mwenye kuzoea methali atatambua mara moja mtindo huo. Pengine hakuna aliyekaa na kulipima jambo hili wakati majina yalipochaguliwa, lakini tofauti yake na "ng'oa, fukia" ni kubwa, na wazee waliokuwa vijana katika miaka ya 1950 walizisikia lugha zote mbili kwa masikio yaleyale.

Hata hivyo Chakula ni Uhai, ilipofika Bukoba, ilikutana na neno jingine. Kwa Mhaya chakula ni ebitoke. Mgeni aliyelishwa wali na nyama akashiba, bado mwenyeji wake aweza kusema kwamba hajala. Ndizi hupikwa na maharage penye maharage, na samaki penye samaki; lakini penye upungufu kinachobaki chunguni ni ndizi, na mtoto aliyejazwa ndizi peke yake huonekana ameshiba, wakati mwili wake haupati cha kujengea. Ndiyo maana Kagera, mkoa wa kijani kibichi usiojua ukame kama wa Dodoma, umeendelea kuhesabiwa miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2015 na 2016 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watoto walio chini ya miaka mitano wamo katika hali hiyo. Neno lishe, lililotungwa kutokana na kitenzi lisha, lina faida hapa, kwa sababu linahamisha swali kutoka kwa kinacholiwa hata kwa anayemlisha mwenziwe. Bali halijapata nguvu ya ebitoke. Mtu husema "tumekula" au "hatukula". Hakuna asemaye jioni kwamba "hatukupata lishe".

Ukimwi ndio uliofungua sura ngumu kuliko zote. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa katika Tanzania walitambuliwa mwaka wa 1983 katika hospitali ya Ndolage, iliyo Muleba. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina la serikali, na watu wakaupa lao: Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiletwa kwa magendo kutoka Uganda katika miaka iliyofuata vita vya 1978 na 1979. Ng'ambo ya mpaka uliitwa silimu, neno la Kiingereza lililogeuzwa, lenye kutaja kukonda. Tofauti ya majina hayo mawili yastahili kuangaliwa. Silimu lilieleza mwili. Juliana lilieleza njia: barabara ya mpakani, biashara, fedha ya haraka, mwanamume anayempa mwanamke zawadi. Kwa habari ya njia, jina hilo halikuwa mbali na kweli, kwani ugonjwa ulifuata barabara na masoko kabla ya kuingia vijiji vya ndani. Lakini lilikuwa na sumu pia. Liliufanya ugonjwa kuwa adhabu ya wachuuzi na wapenda anasa, na aliyekuwa hana duka wala shati la magendo akajihesabu yu salama.

Ukimwi, kama neno, lilikuja kuiondoa sumu hiyo. Ni kifupisho, nacho kilielezwa kwanza kuwa Ukosefu wa Kinga Mwilini na baadaye Upungufu wa Kinga Mwilini. Badiliko la neno moja ndani ya kifupisho ambacho herufi zake hazikubadilika ni kazi ya lugha iliyofanywa kwa uangalifu, maana ukosefu ni kutokuwa na kitu kabisa na upungufu ni kuwa nacho kidogo. Mwenye upungufu bado ana cha kulinda. Neno hilo halimtaji mfanyabiashara wala mwanamke, halitaji mpaka. Likaingia katika ngeli ya U kama ulemavu na uzee, mambo yanayoweza kumpata yeyote. Katika mji wa Bukoba uchunguzi wa 1987 ulikuta asilimia 24.2 ya watu wazima wana virusi. Mwaka wa 1993 ilikuwa asilimia 18.3, na 1996 ilikuwa 13.3. Itakuwa upuuzi kusema kwamba neno lilizipunguza hesabu hizo. Vifo vyenyewe vilizipunguza kwa sehemu, na hofu, na mafundisho, na kila familia kuzika wake. Lakini mafundisho yalihitaji neno linaloweza kutamkwa mbele ya wakwe na kanisani bila kumnyooshea mtu kidole, na Juliana lisingeweza kazi hiyo.

Vibanja navyo vilionja ugonjwa huo. Palipokufa mume na mke, bibi mzee alibaki na wajukuu na migomba isiyo na mtu wa kuipogoa wala kuitandazia majani. Chakula kilipungua katika nyumba ileile ambayo mgonjwa alihitaji kula vizuri zaidi. Ripoti za serikali za nchi nyingi hutenga maradhi ya mlipuko katika idara moja na chakula katika idara nyingine. Kibanja hakikuijua mipaka hiyo.

Muleba ilipata mlipuko wa malaria mwaka wa 2006, na baadaye ikawa mahali pa uchunguzi uliosikiwa ulimwenguni. Mwaka wa 2015 vijiji vya wilaya hiyo viligawiwa vyandarua vya kawaida, na vingine vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya kuvunja usugu wa mbu. Baada ya miezi tisa asilimia 42 ya watoto waliopimwa katika kundi la vyandarua vya kawaida walikuwa na vimelea, na asilimia 29 katika kundi la pili; na mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilitumia matokeo hayo kupendekeza vyandarua vya aina hiyo mpya. Hapa lugha haikuleta taabu kubwa. Chandarua ni kitu, kila mtu anakijua, na jina halikuhitaji kuelezwa.

Mwaka uo huo wa 2006 na wilaya hiyohiyo ya Muleba ndiko mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulikoonekana kwanza katika Tanzania. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Kisu kimoja kilichokata mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa katika kumi iliyo mizima, kwa hiyo wakulima walifundishwa kupitisha visu motoni, kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na kung'oa. Kung'oa nini? Katika Kiswahili cha kawaida mgomba ni shina moja lililosimama, na pia ni kikundi kizima cha mashina yaliyotoka katika kitako kimoja, mama na watoto wake. Wataalamu walikusudia kikundi kizima, na kwa mkulima hiyo ilikuwa kufa kwa ukoo kwa sababu ya kosa la mtoto mmoja. Wengi walikata shina lililougua wakaacha mengine. Waliambiwa ni wakaidi. Baadaye uchunguzi wa nchi za Maziwa Makuu ulionyesha kwamba bakteria hawaenei daima katika kikundi chote, na kwamba kuondoa mapema shina lililougua, na kurudia hivyo kwa bidii, kwaweza kuuzuia ugonjwa. Nalo ndilo shauri lililotolewa baadaye. Hapana haja ya kusema kwamba mkulima alikuwa mwanasayansi. Yatosha kwamba alijua tofauti ambayo amri haikuitaja.

Kata ya Maruku, palipo kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichunguza migomba, ndiyo iliyotajwa tena Machi 2023, pamoja na kata ya Kanyangereko, kwa jambo jingine. Tarehe 16 ya mwezi huo Wizara ya Afya ilitangaza kwamba katika Wilaya ya Bukoba kuna ugonjwa usiojulikana wenye homa, kutapika, kutokwa damu na figo kushindwa kazi. Tarehe 21 Waziri Ummy Mwalimu alitangaza kwamba ni Marburg. Siku tano zilipita ambamo ugonjwa uliitwa kwa kukosa jina. Wizara haikufanya kosa. Maabara haina budi kusema iliyoyaona na si zaidi, na kuzitaja dalili mapema kulikuwa bora kuliko kunyamaza. Lakini "usiojulikana" ni neno ambalo kijijini haliachwi tupu muda mrefu.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka Goziba, kisiwa cha wavuvi kilicho upande wa Muleba. Mwanahistoria atakumbuka Sese: mara ya pili ugonjwa mkubwa unasikika kwanza katika habari za kisiwa. Wote walioambukizwa walikuwa 9, kati yao 8 walithibitishwa kwa maabara, 6 walikufa. Watumishi wa afya wawili walikuwa miongoni mwao, na mmoja alikufa. Watu 212 waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa, na tarehe 2 Juni 2023 mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, usio na chanjo iliyoidhinishwa, kuuzuia katika muda huo ni kazi iliyofanywa vema.

Ugonjwa huo hupita kwa maji ya mwili, yaani kwa kumwuguza mtu, kumwosha na kumzika. Katika hospitali zetu nyingi ndugu ndio wanaoleta chakula cha mgonjwa. Sufuria iliyofungwa kwa kitambaa ni sehemu ya tiba, na asiyeletewa huonekana ametupwa. Kumtenga mgonjwa kwa hiyo ni kumtenga na chungu chake. Mpango wa kukabili maradhi ya mlipuko ambao haukusema nani atapika, atapika nini na chakula kitaonekanaje machoni pa ndugu waliozuiwa langoni, umeacha mlango ambao ndugu wataupita usiku.

Lipo jambo moja la jina lenyewe. Marburg ni mji wa Ujerumani. Mwaka wa 1967 wafanyakazi wa maabara huko, na wengine Frankfurt na Belgrade, waliugua baada ya kushika nyani wadogo walioletwa kutoka Uganda, saba walikufa. Wajerumani waliokuwa wameandika neno rubunga vitabuni mwao mwaka wa 1898 sasa walitoa jina la mji wao kwa ugonjwa uliotoka kando ya ziwa lilelile. Tangu mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali wala ya watu, lakini majina ya zamani yamebaki. Kiswahili kina tauni kutoka Kiarabu, kina kipindupindu kinachoigiza mpinduko wa tumbo, na mwaka wa 2022, ugonjwa wa leptospira ulipotokea Ruangwa katika Lindi, kilitumia homa ya mgunda, jina linalomwambia mtu pale pale kwamba hatari iko shambani. Marburg halimwambii mtu wa Maruku kitu. Halitaji popo wa matunda, ambaye ndiye anayejulikana kuwa hifadhi ya virusi hivyo, wala damu, wala kuosha maiti.

Ugonjwa huo ulirudi Kagera katika Januari 2025, safari hii Biharamulo, kusini ya Muleba. Ulitangazwa tarehe 20 na Rais Samia Suluhu Hassan. Wagonjwa wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa walikufa wote, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 13 Machi. Magazeti ya Kiswahili yaliandika homa ya Marburg, ugonjwa wa Marburg, virusi vya Marburg, daima kwa herufi kubwa na daima nyuma ya neno jingine linalolibeba.